Timu Kumi na Moja za Shemeji

Mpanga ratiba wa chama cha mpira wa wavu alifungua faili Jumatatu asubuhi akakuta timu mpya kumi na moja. Zote zimesajiliwa siku moja, kwa mwandiko mmoja, na anwani yao ni moja: karakana ya magari ya wizara.

"Hizi zimeanguka kutoka mbinguni?"

"Wadau wapya hao, mzee," alijibu Shemeji, aliyekalia meza bila kukaribishwa. Hata watu waliomzidi umri walimwita Shemeji, kwa kuwa dada yake ameolewa na waziri, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuwa nayo. Mwisho wa mwezi alikuwa anagombea uenyekiti dhidi ya mwenyekiti aliyepo. Timu za kweli zilikuwa tisa na hakuna hata moja iliyomtaka, maana alikwishatamka kwamba akishinda, ukumbi wa mazoezi utageuzwa ghala la simiti. Simiti ya nani, hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Kura kumi na moja kwa tisa. Wavu wa ukumbi ule mzee aliufunga kwa mikono yake miaka ishirini na sita iliyopita, na sasa binti yake alikuwa akifundisha wasichana humo. Hapakuwa na ukumbi mwingine.

Hakubishana. Katiba ya chama inasema timu ambayo haijacheza mechi tatu haipigi kura. Akachukua rula, akazipangia timu zote mpya mechi tatu tatu, akabandika ratiba mlangoni.

Shemeji alirudi amevimba kama puto. "Mzee, unanichezea!"

"Wewe? Nimezipangia timu zako. Au hazipo?"

Shemeji akashika njia ya karakana.

Basi madereva, wafagiaji, walinzi na mafundi wa wizara wakaamriwa kuwa wanamichezo. Mzee alitegemea wataingia mitini. Hawakuingia. Dereva mkuu, kitambi mbele kama mzigo wa mtu mwingine, alipiga mpira wa kwanza ukamtandika mwenzake kisogoni.

"Dada, mpira huu una jiwe ndani?" akamuuliza binti wa mzee.

"Hauna, kaka. Kunja magoti, siyo uso!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kesho yake dereva yule alikuja saa nzima kabla ya wakati, akakuta wafagiaji wamemtangulia.

"Madereva, leo tunawafagia!" mama mmoja alipaza sauti, na kweli wakawafagia.

Wiki tatu zikapita hivyo. Timu zote kumi na moja zikamaliza mechi zao, na mzee akabaki akijilaumu: kumbe kwa rula yake mwenyewe amewapa haki ya kura. Siku ya uchaguzi alikaa kwenye meza ya wasimamizi kama mtu aliyekuja kuzika.

Shemeji alihutubia kwa bashasha. "Jumatatu tunauondoa wavu, simiti inaingia."

Dereva mkuu akanyoosha mkono. "Shemeji, samahani. Na Jumanne sisi tutachezea wapi? Tuna marudiano na wafagiaji."

"Marudiano gani? Ninyi kwani ni timu?"

Yule mama mfagiaji alisimama taratibu, akajifunga kitambaa kiunoni.

"Sisi siyo timu? Tuliowafunga hawa seti tatu kavu?"

"Kavu wapi, ya pili ilikuwa ya mwamuzi!" dereva akafoka.

Kura zilipigwa kwa siri. Mwenyekiti aliyepo kumi na tisa, Shemeji moja. Mpaka leo karakana nzima inashukiana juu ya hiyo moja.

Shemeji alikimbilia meza ya mzee, jasho likimtiririka. "Futa uchaguzi! Timu hizi kumi na moja ni za uongo, nimezitunga mwenyewe, nitaapa!"

Mzee alifungua faili, akaangalia, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa.

"Ungesema mapema, mwanangu. Sasa hivi siwezi. Zina mechi Jumanne."