Mbu wa Mzee Heriel

Kwa mujibu wa Awadhi wa matairi, gari la Mzee Heriel liliwaka lenyewe siku ya Ijumaa, saa saba na nusu mchana, bila mtu ndani, likanguruma kama paka aliyeshiba. Awadhi anasema alikuwa anatoka kuswali, kanzu bado inanukia udi, mkononi kikombe cha juisi ya miwa, akaingia gereji ya jirani yake hapo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kudai jeki aliyomwazima Fundi Ignasi. Hakukuta mtu. Wengine msikitini, wengine kwa mama lishe. Lilikuwepo lile Pijo la mzee tu, jeupe, la mwaka sitini na nane, limekaa chini ya bati linatetemeka. Usukani mtupu. Siti tupu.

"Nikasimama," Awadhi alisimulia, kwa mara ya nne siku hiyo. "Nikanywa juisi yangu yote nikiliangalia, nalo linaniangalia. Nilipofika kwenye barafu, likazima. Mimi huyo! Ndala moja niliiacha palepale, kaangalieni kama naongopa."

Ndala kweli ilikuwepo. Kufikia jioni habari ilikuwa imevuka Msimbazi, na huko gari lilikuwa tayari limewasha taa na kumtolea Awadhi salamu.

Watu walicheka sana. Ritha hakucheka. Alikuwa kwenye stuli yake fupi, beseni la dizeli mbele yake, anasugua vyuma kwa brashi. Akauliza swali moja tu.

"Kaka Awadhi, lilipozima, lilikohoa kwanza?"

"Likohoe, lina kifua?"

"Si hukohoa kila siku likitaka kuzima?"

Awadhi akakuna kidevu. "Hapana. Lilizima kistaarabu. Pap! Kama mtu kageuza ufunguo."

"Haya," Ritha akasema, akarudi kwenye vyuma vyake.

Ritha alitoka Masasi na cheti cha darasa la saba na begi moja. Mwaka wa pili sasa alikuwa anaosha vyuma kwa Fundi Ignasi. Spana alizijua zote kwa namba, kwa uzito na kwa mikwaruzo, maana kila jioni ndiye aliyezifuta, lakini kufungua nati hata moja hakuruhusiwa. "Kwanza jicho, mkono baadaye," fundi alimwambia siku ya kwanza. Basi miaka miwili alikuwa anatumia jicho, na mkono unangoja.

Tatizo la Pijo lile ni kwamba halikukataa kuwaka. Lingekataa kabisa, fundi angejua pa kuanzia. Lenyewe lilikuwa la vituko. Asubuhi Mzee Heriel anakaa nyuma ya usukani, fundi anamwagia kabureta mafuta kidogo kwa kizibo cha chupa, mzee anapiga stata, injini inajikokota, inajikokota, halafu inashika. Ngurumo! Watu wanapiga makofi. Mzee anavua kofia anamshukuru Mungu. Dakika moja, moja na nusu, kisha kho, kho, kho, kimya. Likishazima hivyo, kuliwasha tena ni mpaka jasho likutoke.

Wiki ya sita sasa. Fundi Ignasi alibadilisha plagi, akabadilisha pointi, akabadilisha koili. Kabureta aliifungua mara tatu, mara ya tatu akaisafisha kwa mswaki wake mwenyewe. Mafuta yanafika? Akachomoa bomba mbele kwenye injini, akapaza sauti, "Mzee, tunaangalia mafuta, piga stata!" Mafuta yakaruka mpaka yakamlowesha kifua. Basi yanafika. Akarudisha bomba, mzee akapiga stata, likawaka, kho, kho, kho.

Mtaa mzima ukaanza kumwita Fundi Bado. Mtu anapita na mkokoteni wa maboksi kuelekea sokoni, hana hata gari, anasimama kuuliza, "Fundi, vipi, bado?" Siku moja hasira zikampanda, akagonga spana juu ya bati mpaka mtaa ukageuka.

"Sikilizeni! Yeyote atakayeliwasha hili Pijo likaenda mpaka Msimbazi na kurudi bila kuzima, boksi langu la pili la spana ni lake, na atafanya kazi hapa kama fundi, si kama mwosha vyuma wala mchoma mahindi!"

Mchoma mahindi alicheka. Ritha aliacha kusugua.

Mwenye gari hakuwa na haraka yoyote. Mzee Heriel alikuwa Mchaga wa Machame aliyeuza vitenge kwa jumla Kariakoo miaka arobaini, mpaka duka akamwachia mwanawe Theophil. Sasa mkewe, Mama Clotilda, alitaka warudi nyumbani moja kwa moja. Nyumba ya Machame ilikuwa imekwisha, mapazia yametundikwa, hata kuku wapo. Mwaka jana, ukoo umekaa, mchungaji yupo, mzee alisimama akaweka nadhiri: "Nilishuka Dar na Pijo, nitapanda na Pijo. Kwa gari la mtu mwingine sipandi." Watu wakapiga makofi, bibi mmoja akalia. Na Mchaga akishasema neno la namna hiyo mbele ya ukoo, atalimeza vipi?

Desemba ikaingia. Maduka ya Wachaga yakaanza kufungwa moja moja, magari yanapakiwa kwenda kula Krismasi mlimani. Mama Clotilda akapanga: Jumatatu safari. Jumamosi ndiyo mwisho wa kungoja. Pijo likiwa zima, mzee anahama. Likiwa bovu, yeye atapanda na Theophil, mzee atabaki kulinda chuma chake, habari ya kuhama ingoje Desemba nyingine. Na Pijo litavutwa kwa fundi mwingine, Magomeni, pamoja na ahadi ya boksi.

Kwa mtu mwenye gari bovu na mke mwenye hasira, Mzee Heriel alikuwa amenawiri. Saa mbili asubuhi yupo gereji na gazeti. Saa nne anacheza drafti na Awadhi, anamla kete huku anamwuliza hali ya watoto. Mchana yeye ndiye anayebishana na muuza samaki kwa niaba ya gereji nzima, na muuza samaki anaondoka anacheka, amepunguza bila kujua. Kitu kimoja tu hakukubali: mtu mwingine kukaa siti ya dereva. "Siti hii inajua mgongo wangu," alisema, na nani atabishana na mzee na siti yake?

Ritha alimwangalia wiki sita kutoka kwenye stuli. Stuli fupi ina faida yake. Waliosimama huona nyuso na injini. Aliyekaa chini huona miguu.

Na kila mara kabla ya kupiga stata, Mzee Heriel aliinama akajikuna kifundo cha mguu wa kushoto.

"Mbu wa Gerezani hawa," alinung'unika, "hawana adabu."

Mguu wa kulia haukuumwa kamwe. Akiwa kwenye drafti, hakujikuna. Akisoma gazeti, hakujikuna. Na siku ile fundi alipopaza sauti kwamba anaangalia mafuta, mzee aliinama mara mbili: mara moja kabla mafuta hayajaruka, mara ya pili baada ya bomba kurudishwa. Sasa ikaja na hii ya Awadhi. Gari lenye njaa hukohoa kabla ya kufa. La Ijumaa lilizima pap, tena baada ya kikombe kizima cha juisi. Ijumaa halikuwa na njaa. Na siti ya dereva huonekana tupu pia kama mwenyewe ameinama.

Jumamosi saa nne, gereji ilijaa. Mama Clotilda alikuja kwa bajaji kutoka Upanga, amevaa kitenge kipya, akakataa kiti. Theophil alisimama pembeni anaangalia simu. Awadhi alisimama mbali kidogo, karibu na njia ya kukimbilia.

"Baba Theo," Mama Clotilda akasema, "leo nataka kusikia kwa masikio yangu. Nimeolewa na gari mimi miaka yote hii, au na mume?"

"Utasikia, mama, tulia," mzee akajibu kutoka nyuma ya usukani, mpole kama malaika. "Fundi, mwagia."

Fundi Ignasi akashika kizibo chake cha mafuta. Mzee akaanza kuinama.

"Shikamoo babu," Ritha akasema. Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa dereva, mikono safi, na kikopo kidogo kwenye kiganja.

"Marahaba, mjukuu wangu. Vipi?"

"Nimekuletea mafuta ya kufukuza mbu. Wiki sita nakuona unavyoteseka, roho inaniuma."

Watu wakasema, ahaa, binti ana utu huyu. Mzee akauvuta mguu ndani.

"Nyoosha mguu babu, nikupake."

"Nitapaka mwenyewe."

"Baba Theo, mtoto kakufikiria, mpe mguu!" Mama Clotilda akafoka. "Kwani una vidonda?"

Ritha akapiga magoti kwa heshima zote, kama alivyofundishwa Masasi, akaupokea mguu wa kushoto wa Mzee Heriel. Akaupaka taratibu. Kifundo kilikuwa laini, hakina hata kipele kimoja. Akapaka huku kichwa kinazidi kuinama, mpaka akaona chini ya siti. Bomba jembamba la mafuta lilipita pale kuelekea mbele, na katikati ya bomba palikuwa na koki ndogo ya shaba, imesuguliwa na vidole mpaka inang'aa kama pete ya ndoa.

"Babu," akanong'ona, "mbu wako ni wa shaba."

Mzee alitazama mbele kupitia kioo. Sharubu zilicheza kidogo.

"Wa mwaka themanini na nne," akanong'ona naye, bila kugeuka. "Wizi wa magari ulikuwa mbaya. Mwizi anawasha, anafika kona ya pili, linamzimikia. Nilimkamata mmoja anasukuma. Hata fundi wako sijawahi kumwambia. Sasa kila kabla ya stata naigusa, nihakikishe imefungwa."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nililiwasha nilisikilize kidogo. Likikaa sana bila kuwaka linaumia. Nilikuwa nimeinama kwenye koki ndipo yule mpumbavu akaja na juisi yake. Ningeinukaje?"

Ritha akaugeuza mguu, akapaka upande wa pili. Ilibidi aume midomo kuzuia kicheko.

"Mbona mnanong'ona?" Mama Clotilda akauliza.

"Namwuliza panapowasha, bibi!"

"Mjukuu wangu," mzee akanong'ona haraka, "kule baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye meno. Kaka yangu ananingoja na ugomvi wa mpaka wa shamba tangu mwaka tisini. Nitacheza drafti na nani? Nitabishana bei na migomba?"

"Si umwambie bibi."

"Nilisema mbele ya mchungaji."

"Mimi nangoja spana mwaka wa pili, babu. Leo Pijo lisipowaka linavutwa Magomeni, na ahadi ya fundi inavutwa nalo."

"Spana nitakununulia. Seti nzima, kwenye boksi jekundu."

"Za kununuliwa nitakaa nazo wapi? Nataka za Fundi Ignasi. Anipe mbele ya watu."

Hilo la mbele ya watu mzee alilielewa kuliko mtu yeyote pale.

"Ritha!" Fundi Ignasi akaita, kizibo mkononi. "Unampaka mguu au unampiga rangi? Toka tupige stata ya mwisho, nikafunge gereji nikalale."

Ritha hakuinuka. Akapaza sauti kutoka chini.

"Fundi, ile ahadi yako bado ipo?"

"Ipo."

"Hata kwangu?"

Watu wakaangua kicheko. Mchoma mahindi alishika mbavu. Fundi Ignasi, kwa uchovu wa wiki sita, akacheka nao.

"Hata kwako, hata kwa paka wa Awadhi! Haya, washa, mzee."

Fundi akamwaga mafuta. Mama Clotilda akafumba macho, midomo inasali. Theophil akaweka simu mfukoni. Awadhi akarudi nyuma hatua mbili.

Chini ya siti, vidole viwili vya Ritha vilikuwa vimeshashika koki. Ilikuwa imefungwa, lakini nyepesi. Robo duara tu, na mafuta yangepita.

Mzee Heriel alishika ufunguo, hakuugeuza. Alijifanya anaweka kofia sawa, akainama kama mtu anayejikuna, uso wake ukaja karibu kabisa na sikio la binti.

"Mpaka Januari," akasema. "Krismasi ipite tu. Pijo haliendi Magomeni, niachie mimi. Tarehe mbili bibi yako akiwa Machame, nitakuita mwenyewe mbele ya gereji nzima, nitasema Ritha ndiye aliyejua, tutaenda Msimbazi na kurudi, wewe umekaa mbele. Utaningojea mpaka Januari, mjukuu wangu?"

Ritha alikuwa anaangalia boksi la pili la fundi, lililokuwa pale ukutani, na spana namba kumi na tatu ikichungulia kwenye mfuniko. Ile aliifuta jana.

"Eti, mjukuu wangu?" mzee akauliza tena.