Gurudumu la Cherehani ya Xaveria

Mashine ya kuchonga chuma ililetwa kwenye karakana yetu ya Maisaka kama msaada, ikafa mwaka uleule. Mwili wake ulikuwa mzima. Kilichokufa ni lile kabati la umeme lililoiamuru ikate wapi na kwa kina gani. Spea ilitakiwa itoke Ulaya, na mwaka ule wa themanini na tatu hata sabuni ilikuwa hadithi. Basi meneja wetu, Elimringi, akaifunika kwa kitambaa cheupe chenye maua, akapiga marufuku mtu kuigusa. Kila wageni walipokuja tuliifuta vumbi kama altare. Nilikereka mpaka chakula hakipiti.

Na chakula chenyewe makande kila siku, mahindi mazima na maharage, kwa kuwa unga haukuwepo. Mashine ya kusaga ya kijiji jirani cha Mutuka, iliyotulisha sote, ilikuwa imevunjika gia, na wanawake walikuwa wamerudi kwenye mawe. Mke wangu Xaveria alichubuka viganja. Gia ile ingeweza kuchongwa kwa mashine hiyohiyo iliyovishwa maua! Nani asingekasirika?

"Cherehani yangu imelala tu," Xaveria aliniambia. "Madukani hakuna kitambaa cha kushona. Chukua gurudumu lake."

Nikalichukua. Elimringi alipokwenda Arusha, niliivua mashine maua yake, nikang'oa mota ya kusogeza meza inayoshika chuma, nikafunga gurudumu mahali pake. Kisu kilizunguka kwa umeme kama zamani, meza nikaisogeza kwa mkono. Kabati halikuhitajika. Nilikuwa nimefika nusu ya meno ya gia Elimringi aliporudi ghafla.

"Paskasi! Umeharibu mali ya wafadhili! Wageni wanakuja kesho. Rudisha kila kitu."

"Nikifungua sasa, bosi, gia hii inakuwa chuma chakavu."

"Nimesema rudisha!"

Damu ilinichemka. Kabla sijatamka neno la kunifukuzisha kazi, mpishi wetu Ursula alisimama mlangoni na mwiko wake, akamgeukia meneja.

"Baba Modesti, umeniagiza niwapikie hao wageni ugali na kuku. Unga uko wapi? Unga unasubiri hicho chuma. Au niwape makande?"

Elimringi akaitazama ile gia. Viganja vya wanawake wa Mutuka havikumgusa, ila aibu ya mezani ilimgusa.

"Maliza," alisema. "Halafu ufunike."

Jioni gia ikafungwa, na mashine ya Mutuka ikanguruma. Kesho yake wageni walikula ugali, wakausifu. Kisha Elimringi akawapeleka karakana, akatangaza kwamba mashine yao haijawahi kulala hata siku moja. Mbele yangu! Nilikivuta kile kitambaa, maua yake na vyote, nikakitupa chini.

Mgeni mmoja, mzee mwenye mikono ya kazi, akashika gurudumu, akazungusha, meza ikasogea. Akauliza kwa Kiswahili cha kuungaunga limetoka kiwanda gani. Elimringi alinikazia macho.

"Ni la cherehani ya mke wangu," nilimjibu. "Kabati mlilotuletea lilikufa zamani. Hilo kazi yetu ni kulifuta vumbi."