Kupitia kwa Mkuu wa Kitengo

Jana mchana, uso wangu ukiwa juu ya kibodi, niliota naipima barua yangu kwa ile programu tunayotumia mtandao unapokatika. Kazi yake ni nyepesi. Inapiga hodi kwa kila mtambo ulio njiani, mmoja baada ya mwingine. Usioitika unaandikiwa nyota tatu, nasi tunaanza kuuchunguza.

Barua ni ya kuomba ajira. Miaka saba nimekuwa kibarua wa mtandao katika idara hii, na miaka saba Mzee Likwata, mkuu wa kitengo chetu, ananiambia barua iko njiani.

Programu ikatoka kwenye skrini: mama mnene aliyevaa koti la mvua.

"Inakwenda kwa nani?"

"Kwa Mkurugenzi."

"Kupitia kwa nani?"

"Mkuu wa Kitengo. Ukimruka mkubwa wako, unaambiwa huna adabu."

"Haya, twende."

Tunatoka ofisini na kuingia jikoni kwa mama yangu. Feni ya ofisi imekalia mbuzi, inakuna nazi.

"Hodi!"

"Karibuni," inasema feni. "Barua ya Somoe? Ilipita hapa ikiwa salama. Wala sikuipeperusha."

Jiko linakuwa ukumbi mrefu usio na taa. Mbele yetu ipo droo ya meza, imefungwa kwa kufuli.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!"

Mama wa koti anachora nyota tatu hewani. "Hodi tatu zimetosha. Hata majirani huondoka."

Tunaipita. Ghafla tuko kwa Mkurugenzi, na ofisi yake ni shamba la mihogo. Katikati kuna kiti kipya, bado kina nailoni.

"Karibu," kinasema kiti. "Mimi ni wako. Kila mwaka Mkurugenzi anauliza, yule binti wa mtandao mbona haombi?"

Nilirudi mbio kwenye droo nikaipiga teke.

"Nipo," ikasema droo kwa upole. "Nimekatazwa kuitika."

"Na nani?"

"Na huyo unayemchemshia chai."

"Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Ukiajiriwa utahamishwa makao makuu. Yeye hajui hata kebo inachomekwa wapi. Kazi yake ataifanya nani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada," akasema mama wa koti, akaanza kukunja njia kama mkeka.

Nikaamka. Mzee Likwata alikuwa amesimama mbele yangu, anatabasamu.

"Pole, mwanangu, unachoka mno. Leo nimekufuatilia tena ile barua. Wanasema tuvute subira."

"Ahsante, mzee."

"Sasa nimiminie chai, halafu uniangalizie kompyuta. Imegoma."

Akaenda kunawa mikono. Nilikwenda kwenye meza yake nikanyanyua birika. Chini yake alikuwa ametandika bahasha ya kaki, mbao zisiungue. Ilikuwa imepigwa duara la chai juu ya duara, na katikati ya maduara hayo nikausoma mwandiko wangu: Yah: Ombi la Ajira.

Nilimchukia. Nikaigeuza bahasha. Gundi niliyoilamba mwenyewe miaka saba iliyopita ilikuwa bado imeshika.