Mwenzetu Anauliza

Nilikuwa nimeinamia cherehani, nashona pindo la sketi ya shule, simu ilipoanza kutetemeka mezani kama mdudu aliyepinduliwa chali. Nilidhani ni mteja. Nilipoifungua nikakuta jina langu, Shamimu fundi wa Nachingwea, na mbele yake maneno niliyokuwa nimemwambia mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa Mwamina. Alikuwa na duka la vipodozi Ruangwa, na ndiye aliyeanzisha Faraja ya Mama, kundi la Wasapu lililokusanya wanawake wa wilaya zote mbili. Mwenye jambo la aibu alimwandikia Mwamina pembeni, naye akalipeleka kundini bila jina, kwa maneno yaleyale: "Mwenzetu anauliza." Kisha akalijibu mwenyewe kwa sauti laini, kama mama anayekupaka mafuta mgongoni. Tulimwamini. Mimi nilimwamini hata nikamwandikia kwamba nimepimwa, sina tatizo la uzazi, ila mume wangu Hassani hataki kusikia habari za kupimwa, nifanyeje? Alinijibu vizuri. Nivumilie, alisema, nimsemeshe akiwa ameshiba. Hakuna aliyejua kuwa ni mimi.

Asubuhi ile aliyeuliza alikuwa Zulfa, binti wa Nanganga aliyetoka kujifungua uzazi wa kwanza, naye hakujificha. Alituma picha ya kichanga chake, macho ya manjano kama binzari. Hanyonyi, aliandika, analala tu. Mwamina akajibu kuwa manjano ni kawaida ya vichanga. Amwanike juani, ampe maji ya glukosi, asihangaike na hospitali.

Mtoto wa dada yangu Moza alianikwa juani hivyohivyo. Sasa ni mkubwa, na ukimwita hageuki, hasikii.

Nikaandika: "Zulfa, mdogo wangu, mpeleke hospitali leo. Mtoto asiyenyonya hasubiri jua."

Ujumbe ukafutwa. Nikauandika tena, ukafutwa tena. Basi nikamwelekea Mwamina mwenyewe: "Dada, ulichosema si sahihi. Kirekebishe, mtoto ataumia. Tunakutegemea wengi humu."

Alijibu kwa ujumbe wa sauti, taratibu, bila hasira. "Shamimu, humu kuna utaratibu. Anayetaka kutufundisha kulea, azae kwanza."

Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Niliandika kwamba sizungumzii uzazi wangu, nazungumzia uhai wa mtoto wa mtu. Hapo ndipo simu ilipotetemeka, nikalikuta jina langu.

"Jamani, msimshangae. Shamimu fundi wa Nachingwea ndiye yule mwenzetu aliyeuliza habari za mume asiyetaka kupimwa. Hassani wake hana mbegu, sasa hasira anatumalizia sisi."

Kisha akanitoa kundini. Nilitafuta namba ya Zulfa nikampigia, nikamweleza yaliyompata mtoto wa Moza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

Ashura, dada yake Hassani, alikuwamo kundini. Hassani alikuwa shambani Nandagala, akipalilia ufuta. Kabla ya magharibi alikuwa amefika nyumbani. Nilijiandaa kwa kelele. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Niliuliza tu, mume wangu. Sikutaja jina."

"Nimepita kijiweni," alisema, "wote wakanyamaza." Akaigeuza kofia gotini. "Hata watoto wa kaka yangu walikuwa pale."

Nilimsogelea. Akainua kiganja, si kunipiga, ni kunizuia tu. Talaka aliitamka akiitazama cherehani. Baadaye aliingia ndani akakunja mashati yake mwenyewe, vibaya, mikono ikining'inia nje ya begi, nami nikasimama mlangoni nikijizuia nisimsaidie.

Habari za kundi nilizipata kwa jirani yangu Mwantumu, aliyenionyesha simu yake bila kunitazama usoni. Zulfa alikuwa amempeleka mtoto hospitali siku ileile. Walimlaza chini ya taa ya buluu mpaka manjano yakaisha. Chini ya picha ya mtoto mzima Zulfa aliandika: "Namshukuru dada yetu Mwamina. Ushauri wake umeniokolea mwanangu." Mwamina alimjibu kwa moyo mwekundu, akaandika kuwa kazi yake ni kutumikia.

Zulfa alikuja kibandani kwangu mwaka uliofuata, Idi ikikaribia, na kitambaa cha zambarau mkononi. Mtoto alikuwa ameanza kutembea. Nilimsimamisha juu ya kigoda nimpime.

"Ulimpeleka kwa sababu nilikupigia," nilisema.

"Ndiyo, dada." Alitazama barabarani. "Daktari alisema ningelala naye nyumbani usiku ule, basi."

"Na kule kundini?"

"Ningesema nini? Angenitoa. Mimi sina mama, dada. Mambo yangu yote nauliza mle."

Nilizungusha utepe kifuani mwa mtoto. Moyo wake ulipiga kwa nguvu chini ya vidole vyangu.

"Anaitwa nani?"

Zulfa alimfuta mtoto mdomo kwanza. "Mwamina," alisema.

Niliandika vipimo, nikamwambia aje kuchukua gauni Alhamisi.