Makombo ya Seli Saidizi

Seli uaji zilikuwa zimelala kwenye sahani wiki ya tatu sasa. Kazi ya seli hizo ni kuua zile zilizovamiwa na virusi, lakini hizi hata kujigawa hazitaki. Fundi wa maabara alikuwa amezibembeleza mpaka wenzake wakamwambia bado kuziimbia tu. Leo saa sita mchana mkuu wake, waliyempachika jina Bi Hadubini, angewapa kikundi kingine kabati la joto la kukuzia seli, na utafiti ungeishia hapo.

Akainama kuzitazama mara ya mwisho. Seli zilikuwa zimevimba, zimejikusanya mafungu mafungu kama zabibu.

"Mama, hebu njoo uone."

Bi Hadubini akatazama, akatazama tena. "Umezilisha nini, mwanangu?"

"Maji yale yale ya lishe."

Akafungua friji amwonyeshe chupa, mkono ukamwishia hewani. Chupa mpya ilikuwa haijaguswa. Iliyopungua ni jirani yake, yenye maji yaliyokwisha kutumika, aliyoyatoa kwa seli saidizi juzi. Pale maabara maji hayo hutunzwa siku saba kabla ya kumwagwa.

Angeweza kusema alipanga. Nani angejua?

"Nimekosea chupa, mama. Nimezipa makombo ya seli saidizi."

"Na seli saidizi zenyewe zimo humo?"

"Hata moja. Niliyachuja."

"Sasa zimeamshwa na nini?"

Ndipo likamjia, akashindwa kusimama sehemu moja. "Saitokini! Seli saidizi haziui, zinatuma habari. Zinamwaga protini hizo za ujumbe majini, na wenzao wakizipokea ndipo wanajigawa na kuingia kazini. Hizi zetu zilikuwa na silaha, zikakosa wa kuziamuru."

"Tulia, utaniangushia hadubini. Sahani moja si ushahidi. Tengeneza tatu za maji mapya, tatu za makombo, na tatu za makombo yaliyozimwa saitokini zake. Namba nitaandika mimi, wewe usijue ipi ni ipi."

"Na saa sita, mama?"

Bi Hadubini alikwisha kuinua simu. "Kabati halitoki wiki hii," akawaambia wale wengine. "Mkinuna, nuneni."

Siku ya nne fundi akahesabu seli, na Bi Hadubini akafungua orodha yake ya namba. Sahani zilizoamka ni tatu tu, zote za makombo. Bi Hadubini akachukua kalamu, akaandika jina la fundi kwenye mlango wa kabati, na tarehe ya mwaka mzima mbele.