Shea za Kaluki

Nzilani alikuwa na laki moja benki, na laki hiyo hakuigusa hata kwa kidole. Alikuwa pia na deni la elfu themanini na nne katika sacco, chama cha kuweka na kukopa, alilolilipa kila mwezi bila kuchelewa, na lilikuwa limebakiza miaka miwili. Mtu yeyote anayejua hesabu angemwambia achukue hii alipe lile, aache kutoa riba ya bure. Walimwambia. Hidaya, jirani yake mwenye duka la vitambaa, alimwambia mpaka akachoka. Nzilani alitikisa kichwa na kuendelea kushona.

Lakini msimlaumu haraka. Miaka sita iliyopita mumewe, Kisilu, alilazwa hospitalini wakati nyumbani hapakuwa na hata shilingi ya nauli. Nzilani alizunguka kwa jamaa na marafiki, akiinamisha kichwa mbele ya watu aliowazidi umri, na Kisilu hakupona. Hakuna aliyemwambia kwamba umaskini ndio uliomuua. Hilo alijiambia mwenyewe. Akaapa kwamba hatakaa tena bila akiba, na tangu aipate laki ile, ndiyo iliyompa usingizi.

Jumatatu moja Kaluki akaja kutoka kijijini Kalama hadi duka la ushonaji la Nzilani. Kaluki ni dada yake Kisilu, mkulima, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Ndiye aliyemdhamini Nzilani miaka mitatu iliyopita, alipokopa sacco pesa za kununua cherehani za umeme na kuanza kushona sare za shule.

“Wi museo, Mama Muli?” Kaluki alimsalimu Nzilani kwa Kikamba.

“Ni museo, wifi. Keti. Mbona leo uko mjini?”

“Nilikuwa nimeenda sacco kuomba mkopo. Kuna jirani yetu anahama, anauza ng'ombe wa maziwa. Huyo ng'ombe ako na mimba ya miezi saba, na bei ni nzuri. Lakini anataka pesa mpaka Jumamosi.”

“Na wamekupatia?”

“Wamesema shea zangu zimefungwa.”

“Zimefungwa na nani?”

“Na wewe,” Kaluki alisema, akacheka mpaka akashika tumbo. Alipoona mwenzake hacheki, akatuliza sauti. “Si makosa yako. Mtu akidhamini, shea zinakaa mpaka deni iishe. Na wewe unalipa vizuri. Wacha tu, ng'ombe ni wengi.”

Akanywa chai, akaulizia watoto, akaenda zake. Nzilani alibaki na sketi mkononi, kazi imemshinda. Alikuwa amesahau kabisa. Muda wote huo alijisifu kwamba ana akiba, kumbe akiba ya mwenzake imekaa chini ya deni lake kama kuku aliyefungwa mguu.

Hata hivyo moyo wake haukukubali kuiachia laki. Alitafuta njia ya pembeni, kwa kuwa sacco waliruhusu mtu kubadilisha mdhamini. Jumanne akampigia Kamanthe, mwenzake wa kwaya. Kamanthe akasema atamuuliza mzee wake kwanza, na baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Jumatano akamwendea binamu yake Kaloki sokoni.

“Kudhamini watu niliwacha,” Kaloki alimjibu, macho yakiwa kwenye nyanya zake. “Omba kitu ingine.”

Hidaya naye hakuwa mwanachama wa sacco. Nzilani alirudi dukani polepole, na njiani likamwingia jambo ambalo hakuwahi kulipima. Siku ile ya kumdhamini, Kaluki hakuomba muda wa kufikiria. Alikuja na miguu ya vumbi kutoka shambani, akatoa kitambulisho, akatia sahihi. Nzilani aliona haya, haya ya kuchoma masikio.

Ijumaa asubuhi alitoa pesa benki, akampigia Kaluki wakutane sacco. Linet, msichana wa kaunta, alimtazama kwa huruma.

“Mama, hauna haraka. Uko na miaka miwili bado. Mbona usibaki na akiba yako? Mtoto akigonjeka je?”

Hilo ndilo swali lililomkosesha usingizi usiku kucha. Nusura aseme basi, nirudishie. Akazisukuma zile noti mbele zaidi.

“Kata deni yote,” alisema.

Linet alihesabu, akabonyeza kompyuta, akamwambia amemaliza na riba ya miaka miwili ameikwepa. Nzilani aliingoja furaha. Kilichokuja kwanza ni hofu, maana benki alibakiwa na elfu kumi na sita tu, na karo ya Muli ilikuwa imekaribia.

Shea za Kaluki sasa zilikuwa huru, lakini mkopo wake nao ulihitaji mdhamini. Linet akauliza ni nani.

“Nitatafuta mtu huko kwetu,” Kaluki alisema haraka. “Huyu muwache. Amejikamua imetosha.”

“Utatafuta nani mpaka kesho?” Nzilani aliuliza. Kisha akamgeukia Linet. “Na shea zangu mimi?”

“Zilikuwa zimeshikwa na hiyo deni yako, mama. Sasa zimefunguka. Zinatosha kumdhamini.”

Nzilani hakuwa amezifikiria hata mara moja. “Basi niandike,” alisema.

Kaluki akamshika mkono. “Mama Muli, ng'ombe ni kitu ya kufa. Akikufa utatoa pesa wapi?”

Hofu ya Nzilani ilikuwa bado ipo, palepale kifuani ilipokaa miaka sita, lakini leo haikuwa yake peke yake.

“Akikufa tutalipa,” alisema. “Wewe na mimi.”

Kaluki, mtu wa kicheko, hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya leso, akachukua kalamu kwenye kaunta, akampa wifi yake.