Samaki wa Mlango wa Nyuma

Mramba alielekeza kikausha nywele, alichokiazima saluni, kwenye mlango wa nyuma wa kigari cheupe. Alipasha moto herufi moja moja, akaingiza ukingo wa kadi ya plastiki chini yake na kuvuta taratibu. Stika mpya hubanduka nzima. Hizi zilikuwa zimepigwa na jua miaka mingi, zikawa zinakatika vipande vidogo kama kucha.

"Leo umekuwa msusi wa magari!" Sanga, fundi wa breki, alimcheka kutoka chini ya lori. "Ukimaliza hapo, nami unisuke."

"Nikusuke nini, na kichwa chenyewe kimebaki ngozi?"

Gari lilikuwa la marehemu Ramadhani, aliyekuwa akileta samaki Ukunda kutoka Shimoni. Mjane wake alikuwa amemuuzia Hannah, mwenye tanuri la mikate hapo Kombani, na Hannah hakutaka mikate yake itembee chini ya maneno SAMAKI WABICHI. Mramba alibandua maneno hayo, akabandua nambari ya simu, na mwisho mchoro wa samaki uliokuwa juu yake. Vyote vilikuwa vya rangi moja ya kijani. Alifagia vipande, akavitupa kwenye pipa la taka, akaanza kufuta gundi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Ndipo Hannah alipoingia uani mwa gereji, ameongozana na mama wa makamo aliyevaa buibui.

"Shikamoo, mama," alisema Mramba.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Huyu ndiye Bi Mishi, mke wa marehemu," alisema Hannah. "Mramba, nimekosa. Mama aliniomba jambo siku tuliyouziana gari, likanitoka kichwani. Yule samaki hujamgusa, sivyo?"

"Nimekwisha kumtoa."

Bi Mishi alisogea karibu. Palipokuwa na stika, rangi ilibaki nyeupe kama maziwa, na kando yake jua lilikuwa limeigeuza manjano, hata samaki alionekana bado. Alipeleka kidole kutoka mkia, kulia, hadi kichwa, kushoto, bila kugusa.

"Tawakkaltu alallah," alisoma. "Nimemtegemea Mwenyezi Mungu. Hapa kichwani ndipo lilipo jina Lake."

Mramba aliweka kitambaa chini. Maandishi ya Kiarabu aliyaona kila siku misikitini na kwenye magari, lakini hayo yalikaa kwa mistari. Haya yalikuwa na mapezi. Gari la samaki lina samaki. Hakufikiri zaidi ya hapo.

"Mume wangu aliniusia akiwa kitandani," alisema Bi Mishi. "Gari likitoka mikononi mwetu, jina la Mungu lisije likakanyagwa. Tulizike mahali safi. Nami nilimwahidi. Viko wapi vipande, mwanangu?"

Mramba alitazama pipa. Humo mlikuwa na matambara ya grisi, makopo ya oili na majani ya chai. Asubuhi yeye mwenyewe alikuwa ametema mate humo. Angeweza kusema kwamba taka zilikwisha kuchomwa, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa mzee wa kanisa, na tangu utotoni alifundishwa kuliogopa jina hilo.

"Vimo humo," alisema. "Nilidhani ni samaki tu. Nisamehe, mama."

Bi Mishi alifumba macho, midomo ikamcheza. Kisha akakunja mikono ya buibui. "Haya. Tuvitoe."

"La, mama, usiingize mkono wako. Uchafu ni wangu."

Mramba alitandika turubai, akamimina pipa lote, akapiga magoti na kuanza kuokota. Sanga alitoka chini ya lori. Hakutania tena, alileta beseni la maji safi na sabuni, akaliweka karibu naye, akarudi kazini.

Hannah aliviosha kimoja kimoja na kuvianika kwenye kitambaa. Baada ya muda alisita. "Hiki ni cha jina, au cha WABICHI?"

Bi Mishi alikigeuza huku na huku. "Sijui," alisema. "Wala siwezi kubahatisha."

"Basi tusichague," alisema Mramba. "Tuzike vyote."

"Hata nambari ya simu?"

"Vyote, mama. Kisibaki cha kukanyagwa."

Bi Mishi alifikiri kidogo, kisha uso ukamlegea. "Watu bado wanaipiga, wananiuliza samaki changu ni bei gani. Haya, nayo ipumzike."

Walivifunga kwenye leso nyeupe ya Bi Mishi. Nyuma ya tanuri la Hannah, karibu na ua wa michongoma ambako hapapiti mtu, Mramba alichimba hadi mchanga ukawa na unyevu. Magoti ya Bi Mishi hayakumruhusu kuinama, akamnyooshea kifurushi. Mramba alinawa mikono yake, lakini hakukipokea.

"Mama, mimi si Mwislamu."

"Najua. Si mikono hiyo iliyoviokota? Shika."

Alipiga magoti, akakilaza shimoni. Juu yake Bi Mishi alisoma dua kwa Kiarabu, polepole. Mramba hakuyajua maneno yale. Aliomba moyoni kwa maneno yake, asamehewe yale mate, na apewe macho ya kutazama vizuri anachokigusa.

"Amin," alisema Bi Mishi.

"Amina," alijibu Mramba. Jembe aliliacha pale lilipokuwa, akarudishia mchanga kwa viganja.